Nachoka kila siku: kuna kipimo cha nguvu ya seli?

Je, kipimo kimoja kinaweza kuonyesha kama seli zangu zinatengeneza nguvu ya kutosha?

Hapana. Nguvu hiyo hutengenezwa zaidi na mitokondria, vijisehemu vilivyomo ndani ya seli, kwa kutumia oksijeni pamoja na sukari na mafuta. Daktari huzifuatilia kupitia dalili, damu, vinasaba, na mara chache kipande cha msuli. Ukiambiwa ushike kifaa kiganjani kisha mashine ikasoma "nishati ya seli" zako zote, usilipe.

Basi nianze na vipimo gani?

Wingi wa damu, sukari, figo, tezi ya shingo, na VVU kama hujui hali yako. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 mmol/L, au HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu, ikifika 6.5%, hicho ni kiwango cha kisukari. Asiye na dalili hurudia kupima ili kuthibitisha.

Nina selimundu. HbA1c inanifaa?

Usiitegemee. Kipimo hiki husoma wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 kwa kuwa chembe nyekundu huishi takriban siku 120. Zako hufa mapema mno, hivyo jibu linaweza kuwa la chini huku sukari iko juu. Omba upimwe sukari yenyewe.

Lakteti yangu, ile kemikali ya damu itokanayo na sukari kuvunjwa bila mitokondria, imetoka juu. Ni mitokondria?

Huenda, lakini kwanza uliza damu ilitolewaje. Mkono ukifungwa kwa muda mrefu, ukikunja ngumi kwa nguvu, au mtoto akilia na kujitupa, lakteti hupanda. Hata ndani ya chupa chembe nyekundu huendelea kuitengeneza, maana zenyewe hazina mitokondria. Ndiyo sababu sampuli huwekwa kwenye barafu na kupimwa upesi. Mgonjwa mahututi ni suala jingine: kwake lakteti ya juu ni dharura.

Lini mitokondria zishukiwe kweli?

Matatizo yanapogusa viungo kadhaa: misuli dhaifu, kope zinazolegea, degedege, moyo, usikivu. Mitokondria zina vinasaba vyake, na hivyo hurithiwa kwa mama. Kama mama, wajomba au ndugu zako wa tumbo moja wana kisukari na pia uziwi uliowaanza ukubwani, mweleze daktari hata asipouliza. Kuna aina ya kisukari inayofuata njia hiyo, na kwa wenye nayo metformin, dawa ya kisukari, huepukwa kwa sababu inaweza kuongeza lakteti. Usiache dawa mwenyewe. Nenda na historia hiyo kliniki.