Selimundu: tiba ya jeni ipo, lakini mtoto wako asiisubiri

Wazazi wanaoleta watoto kliniki yetu ya damu hapa Mombasa sasa wanauliza: ile tiba ya jeni ya selimundu ni ya kweli? Ni ya kweli. Uingereza iliidhinisha tiba hiyo, iitwayo Casgevy, Novemba 2023, Marekani ikafuata Desemba, kwa wagonjwa wa miaka 12 kwenda juu.

Ili kuielewa, mtazame mtoto mchanga. Mwenye selimundu huzaliwa hana dalili yoyote. Miezi kadhaa baadaye ndipo vidole vinapovimba na kuwa vinene, akiguswa mkono analia. Kwa nini si mapema? Kwa sababu alizaliwa na himoglobini (kibeba oksijeni ndani ya damu) ya uchangani, ambayo haipindi chembe za damu kuwa kama mundu. Mwili huizima polepole na kuleta ya ukubwani, na hiyo ndiyo yenye hitilafu aliyorithi kwa baba na mama.

Casgevy huiamsha ile ya uchangani. Seli shina za mgonjwa, yaani seli zinazozaa chembe za damu, hutolewa kwenye damu, kisha maabara, kwa kutumia kikata-jeni kiitwacho CRISPR, hukata sehemu inayoiwezesha jeni ya BCL11A kuizima himoglobini hiyo. Seli hizo hurudishwa mwilini kwa mshipa. Katika majaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau mwaka mzima bila shambulio kali la maumivu. Anayemjua mgonjwa wa selimundu anajua uzito wa jambo hilo.

Ila kwanza uboho wa zamani huondolewa kwa dawa kali ya kemo, kama zile za saratani, inayoweza kumnyima mtu uzazi. Na bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Anayekuuzia "tiba ya jeni" sokoni Kongowea au kwenye simu anakuibia.

Haidroksiurea, dawa ya kumeza kila siku, huipandisha himoglobini hiyohiyo, japo haiponyi. Utafiti uliochapishwa 2019, ulioshirikisha watoto wa Kilifi na wenzao wa Uganda, Angola na Kongo, ulionyesha maumivu, malaria na vifo vikipungua. Inaniuma kuona mzazi akiacha dawa hii akingoja ya ng'ambo.

Kama ugonjwa huu upo kwenu, omba kichanga apimwe damu mapema. Akionekana anao, penisilini ya kinga ianze akiwa na miezi miwili, na homa yoyote apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa usiku.