Prado Itaivuta, Je, Itaizuia? Dhana Potofu Kuhusu Karavani Uganda

Nikiegesha karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, nyumbani Bweyogerere, majirani hawakosi swali, na swali lenyewe ni moja siku zote: "Hiyo Prado inaiweza?" Kuivuta inaiweza. Hata ng'ombe wawili wangeivuta kwenye uwanja tambarare. Sijasikia hata mmoja akiuliza kama itaizuia mteremkoni, na huko ndiko watu hupotezea pesa zao, wengine na roho. Karavani bado ni chache kwetu. Mgeni wa kawaida hukodi Land Cruiser yenye hema juu ya paa, akaenda zake mbuga ya Kidepo. Kwa hiyo mengi yanayosemwa gereji yameokotwa kwa madereva wa malori, na trela la lori si karavani.

"Diseli kubwa inavuta chochote"

Chukua Land Cruiser ya sirisi 70, ile ambayo kila mtu hapa anaiamini kama msahafu. Huko Australia imeidhinishwa kuvuta hadi kilo 3,500, mradi kinachovutwa kiwe na breki zake. Kisipokuwa na breki, mwisho ni kilo 750. Gari ni lile lile na injini ni ile ile. Pengo hilo lote ni la breki.

Kupanda nako kuna hesabu yake. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, Kabale karibu 2,000. Injini isiyo na tabo (turbo, ile pampu inayosukumia injini hewa) hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kila inapopanda mita 1,000, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Ile yenye tabo haiumii sana. Lakini ukishindwa kupanda unachopoteza ni muda tu. Utatambaa kwa gia ya pili, matatu zitakupita na madereva watakuchungulia.

Shughuli iko kwenye kushuka. Ukiwa umetoka Kabale kwenda Kisoro, ukavuka Kanaba, barabara inajikunja kama nyoka na karavani inakusukuma kwa nyuma kama mtu aliyechelewa foleni. Ukikanyaga breki mfululizo zinapata joto, mafuta ya breki yanachemka, na pedali inazama hadi chini bila kushika kitu. Dawa ni kuingia gia ndogo pale juu kabisa, kabla mteremko haujaanza. Ukishasikia harufu ya breki umechelewa: tafuta pa kusimama, ziache zipoe zenyewe. Usizimwagie maji, disiki inaweza kupasuka.

Karavani nyingi za Uingereza zina breki zinazofanya kazi kwa kusukumwa: gari likipunguza mwendo, karavani inalisogelea, na msukumo huo ndio unaozibana breki. Za Marekani na Australia kwa kawaida hutumia umeme, na dereva anakuwa na kidude cha kuziendesha karibu na usukani. Ukitengenezewa trela kwa mafundi wa Katwe, Kampala, uliza breki kabla hujauliza rangi. Mafundi wa pale wanaweza kukuchomelea karibu kitu chochote, lakini usipoagiza breki hutaletewa breki.

"Mzigo mzito weka nyuma, gari lisilemewe"

Hii niliifanya mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Nilipakia jenereta, madumu matatu ya maji na magunia mawili ya mkaa, vyote nyuma kabisa. Prado ikakaa sawa na mimi nikajisifu. Tulipofika Lwera, pale barabara ya Masaka inapopita kwenye kinamasi na hakuna hata mti wa kuzuia upepo, basi likatupita kwa kasi. Karavani ikaanza kutikisa mkia. Kwanza taratibu, kama inacheza. Kisha kila mtikiso ukawa mkubwa kuliko uliotangulia, hadi vioo vya pembeni vikawa vinanionyesha ubavu mzima wa karavani, mara kushoto, mara kulia. Mwendo ulikuwa 95.

Madereva wa malori watakwambia ukanyage mafuta "ili inyooke". Usithubutu: mwendo ndio unaoilisha hiyo mitikiso. Usikanyage breki za gari kwa nguvu pia, maana karavani itakuja ubavuni mwako na kujikunja. Shika usukani wima, usishindane nayo kushoto na kulia, toa mguu kwenye mafuta taratibu. Kama breki za karavani ni za umeme, zibane hizo peke yake kwa mkono. Yangu ilitulia tulipofika kama 60. Mke wangu hakusema neno hadi Lukaya, na hata kuku wa kuchoma alikula akitazama pembeni.

Karavani inataka pua nzito kidogo. Kwa karavani za mtindo wa Marekani, uzito unaokaa kwenye ndoano ya gari uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa karavani iliyopakiwa. Za Ulaya huenda chini ya hapo, na ndoano nyingi za magari madogo zina kikomo cha kilo 75 au 100, kwa hiyo soma kibati kilichobandikwa. Kupima si kazi: chukua mizani ya kusimamia ya nyumbani, weka kipande cha mbao juu yake, shusha pua ya karavani hapo. Kama inataka kuvuka mwisho wa mizani, ishike usije ukaivunja na nyumbani ukaulizwa. Kumbuka pia kwamba kilo hizo za pua, tuseme 120, zinahesabiwa kama mzigo wa gari. Ni sawa na kubeba watu wawili wembamba ndani ya buti.

"Fupi ni rahisi kuirudisha nyuma"

Kinyume chake. Fupi hujikunja kabla hujapepesa jicho, ndefu hukupa muda wa kujirekebisha. Shika usukani kwa sehemu yake ya chini: mkono ukienda kushoto, mkia unaenda kushoto. Na anayekuelekeza awe mmoja. Wakiwa wanne wanaopiga kelele "kata, kata!", zima gari ushuke.

"Za Marekani ni kubwa na bei poa"

Mlango wa karavani ya Marekani kwa kawaida uko upande wa kulia, kwa sababu wao huendesha kulia na mlango hufungukia ukingoni. Ilete Uganda, usimame kando ya barabara ya Jinja: mlango unafungukia kwenye malori, na mtoto wako anashuka hapo. Umeme wao ni volti 120, wetu 240. Transfoma itapunguza volti, lakini haibadilishi mapigo 60 kwa sekunde kuwa 50, na mota ya kiyoyozi huo utofauti inauhisi.

Ya Uingereza ina mlango kushoto na umeme wa volti 230, kwa hiyo hapo umepona. Tatizo lake ni miguu. Ilizaliwa kwa lami, na kilomita 50 za barabara ya maramu zinatosha kulegeza skrubu za makabati. Zile za Afrika Kusini na Australia zilizojengwa kwa njia mbovu ni nzito na ghali, ila mimi pesa yangu ningeiweka huko. Na kabla hujatuma shilingi, waulize URA, mamlaka ya mapato, kodi yake.

"Tairi bado lina kashata"

Tairi la karavani hufa kwa uzee. Linakaa juani miezi, mpira unapasuka ubavuni huku kashata, yale matuta ya mpira yanayokanyaga barabara, ziking'aa. Tafuta tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyochapwa ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019.

"Gari za umeme zitaua karavani"

Mota ya umeme haijali hewa nyepesi ya Kabale, na ikishuka Kanaba inazuia gari huku ikirudisha chaji kwenye betri. Kikwazo ni upepo: ukivuta karavani, umbali wa chaji moja hupungua hata kufika nusu, na nje ya Kampala vituo vya kuchajia ni vya kuhesabu kwa vidole. Ndiyo maana Marekani wameanza kuipa karavani betri na mota zake, ijisukume. Kampuni ya karavani ya Airstream ilionyesha mfano wake, eStream, mwaka 2022, na kampuni nyingine, Lightship, nayo imeingia.

Sisi hapa tuna jambo moja la kujivunia. Karibu na ikweta, paneli ya sola iliyolala tu juu ya paa inakula jua vizuri, haihitaji kuinamishwa. Yangu ya wati 200 inatosha taa, simu na friji ndogo, isipokuwa siku za mawingu ya Aprili. Ugomvi wetu ni pa kuegesha: mke wangu anataka chini ya mwembe, paneli inataka jua. Siku hizi karavani inakaa juani, viti vinakaa mwembeni.