Mistari ya kulala haijamnenepesha mtu

Jana yamenikuta tena. Dada mmoja kasimama mbele ya meza yangu ya kukatia, mkono umetua juu ya jora la kitambaa cha mistari ya buluu na nyeupe, anakipapasa kama mtu anayeagana na mgeni. "Kizuri hiki, Fundi. Basi tu, mimi na mwili huu siwezi kuvaa mistari ya kulala." Nikamuuliza ni nani kamkataza. Akafikiri kidogo. "Si inajulikana?"

Inajulikana, ndiyo: eti mistari ya kulala, ile inayokwenda upande kwa upande, inanenepesha. Nashona mwaka wa 19 huu na bado sijakutana na aliyeijulisha. Kila mtu kaambiwa na mtu mwingine. Na nisijitoe: miaka ya mwanzo mimi mwenyewe nilikuwa kasuku wa kanuni hii. Mteja mnene akichagua mistari ya kulala, nilimgeuzia kitambaa kiwe cha mistari ya kusimama, tena kwa sauti ya mtaalamu, na yeye akashukuru.

Siku ukiwa na dakika 5, chukua karatasi. Chora mraba wa sentimita 5 kwa mistari ya kulala pekee, iliyopangwa juu hadi chini, bila kuufunga pembeni. Kando yake chora wa pili, vipimo vilevile, kwa mistari ya kusimama. Iweke karatasi mbali kidogo uitazame miraba yote miwili. Wa mistari ya kulala utaonekana mrefu na mwembamba. Wa mistari ya kusimama utaonekana umetanuka. Jambo hili aliliandika mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz katika karne ya 19, na hakuishia kwenye miraba: alitaja waziwazi kwamba magauni ya mistari ya kulala humfanya mwanamke aonekane mrefu zaidi. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, Peter Thompson na Kyriaki Mikellidou, walilipima upya. Umbo la mistari ya kulala lilibidi litanuliwe kwa asilimia 4.5 ndipo lionekane na upana sawa na mraba wa mistari ya kusimama. Wakajaribu kwenye mchoro wa mwanamke aliyevaa gauni, kwenye maumbo ya duara kama bomba, hadi kwenye picha za sanamu ya kupimia nguo. Hawakupata popote ushahidi kwamba mistari ya kulala inanenepesha.

Asilimia 4.5 si kitu cha kukimbilia dukani. Sisemi mistari ya kulala ni dawa ya kupunguza mwili. Nasema iliyokatazwa ndiyo isiyo na kosa, na iliyopendekezwa ndiyo inayotanua, kama kuna inayotanua.

Sasa utaniambia: "Lakini Fundi, mimi nimejiona kwa macho yangu." Nakuamini. Hapa ndipo naomba unisikilize, maana hapa ndipo watu hupoteza pesa. Ulichokiona si mistari, ni kubana. Mstari uliochapwa kwenye kitambaa umenyooka. Ukivaa fulana inayokubana, ule mstari unalazimika kupanda tumboni na kushuka, kupinda kifuani, kukunjwa pale brazia inapokata mgongo. Ni kama mistari ya miinuko kwenye ramani: kila kilima kinachorwa. Fulana ileile ikiwa nyeusi tupu ingebana vilevile, ila isingesema. Chukua kitambaa hichohicho cha mistari, kikate kiwe na nafasi ya kutosha tumboni, na mistari itabaki imenyooka kama ilivyotoka kiwandani. Jicho halina cha kusoma.

Na mistari ya kusimama nayo ina siri zake ambazo hakuna anayezitaja. Nikitia dati kiunoni, yaani kile kikunjo kinachoshonwa ili kubana nguo, mistari inakatika au inakutana kwa pembe. Sketi ikibana nyongani, inatawanyika na kupinda kama uzio uliogongwa na gari. Ikiwa myembamba na inayosogeleana, ukitembea inamchezea macho anayekutazama.

Kuna pia suala la mahali mstari unapoangukia, na hili ni la fundi, si la mwili wako. Ninapolaza kitambaa mezani naweza kuamua mstari mpana wa rangi kali uangukie juu kidogo ya kifua, au katikati ya tumbo pale panapotokeza zaidi. Jora ni lilelile, mtu ni yuleyule, nguo ni mbili tofauti. Halafu geuka ubavu: mistari ya mbele na ya nyuma inakutana kwenye mshono? Isipokutana, nguo inaonekana imepinda, na mvaaji anadhani kilichopinda ni yeye. Kukutanisha mistari kunakula kitambaa na muda, kwa hiyo nguo nyingi za kiwandani hawahangaiki.

Kanuni nyingine nazipitia mbiombio. Nyeusi inapunguza mwili? Kidogo kuna ukweli, kitu cheupe huonekana kikubwa kuliko cheusi cha ukubwa uleule. Ila kazi kubwa ya nyeusi ni funika kombe: vivuli havionekani, mikunjo haionekani, na mshono wangu mbaya hauonekani. Napenda kushona nyeusi siku nikiwa nimechoka. Mkanda na viatu rangi moja? Ukipenda. Watu wafupi wasivae nguo ndefu? Hapana, sema gauni liishie mahali palipoamuliwa, si pale kitambaa kilipoisha. Umbo la tufaha na umbo la peasi? Nimepima watu wengi mno, sijapima tunda.

Saizi ndiyo inayoniumiza roho. Mtu anakuja na kuniambia "mimi ni 14" kama anataja kundi lake la damu. Marekani, kati ya 1939 na 1940, wizara yao ya kilimo iliwapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59, wakitafuta namba moja ya kutosheleza nguo za kiwandani. Kiwango cha biashara kilichotokana na kazi hiyo kilitangazwa mwaka 1958, na mwaka 1983 kikaondolewa kwa sababu miili na soko havikukifuata. Leo kila kampuni inabandika namba inayoitaka. Futi yangu haina namba 14 ya aina hiyo, ina sentimita. Ukiingia kwenye suruali ya 16, umeingia kwenye suruali.

Basi mtu afanye nini ili awe na mtindo wake? Mimi siulizi "unapenda nini", kwa sababu hapo nitaletewa picha kwenye simu ya mtu mwingine, mwenye mabega mengine, aliyesimama bila kupumua. Nauliza: kwenye kapu la nguo chafu, ipi haikosekani? Kioo kinadanganywa, kapu halidanganywi.

Yule dada wa jana nilimwomba anieleze shati analolivaa hadi linamwaibisha. Akacheka, kumbe alikuwa nalo ndani ya koti. Kola imechanika ukingoni, vifungo viwili si ndugu na vingine. Nikalilaza mezani nikalipima lenyewe, si yeye. Mikono inaishia vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono. Pindo linafika nyongani, si chini yake. Kwapa limeshuka kiasi cha kumwezesha kunyanyua mkono bila shati zima kupanda. Mfuko mmoja, kushoto, umelegea kwa simu. Hayo manne ndiyo mtindo wake. Alikuwa nayo miaka yote, ila alidhani mtindo ni kitu kinachonunuliwa na watu wengine. Anza na mabega ukijichunguza hivyo: mshono wa bega ukikaa mahali pake, kiuno nitakibana kwa nusu saa. Bega likikosea, ni kung'oa mkono mzima, na mara nyingi nitakushauri uache.

Nimeandika "mahali pake" na nimesita. Mahali pake ni wapi? Mimi nilifundishwa ni kwenye ncha ya mfupa wa bega. Miaka michache iliyopita kijana mmoja aliniletea koti kubwa, bega limemwangukia karibu na kiwiko, akataka nipunguze urefu wa mikono tu. Nikaona huruma. Nikalifungua lote, nikapandisha mabega, nikabana ubavu, kazi safi hata mwalimu wangu angenipa mkono. Alipolivaa alijitazama kwenye kioo kwa muda, akasema "asante, Fundi", akalipa. Sijamwona tena. Nilikuwa nimemharibia koti lake kwa kufuata kanuni, mimi huyu ninayewacheka wenye kanuni. Tangu hapo sijui kama ninachokiita "imemkaa" ni jicho au ni mazoea, na siku nyingine nasimama na pini mdomoni nikimtazama mteja nisijue la kumwambia.

Yule dada amechukua mita 2 za mistari ya buluu. Nitakikata kitambaa kwa kipimo cha shati lake kuukuu, mstari wa kwanza mpana uangukie chini ya kola. Alitaka pia nimpunguzie suruali, nimemkatalia mpaka arudi na viatu atakavyoivalia. Alikuja na ndala.