BCL11A, protini inayozima himoglobini ya kijusi

Wanafunzi ninaowafundisha biolojia ya damu huniuliza swali moja kila mwaka: ikiwa protini inayozima himoglobini ya kijusi inajulikana, kwa nini mgonjwa wa selimundu asiondolewe protini hiyo kabisa? Ni swali zuri, na jibu lake limo katika namna protini hiyo, BCL11A, inavyofanya kazi.

Himoglobini ni protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, na ile ya kijusi, yaani ya mtoto akiwa tumboni, huundwa kwa minyororo miwili ya alfa na miwili ya gama. Baada ya mtoto kuzaliwa, jeni za gama huzimwa hatua kwa hatua na jeni ya beta hushika nafasi yake. Kwa mwenye selimundu, beta ndiyo yenye hitilafu, na ndiyo sababu ugonjwa huchelewa kujitokeza hadi miezi kadhaa ipite; gama ikiwashwa tena, inaweza kushika nafasi ya beta hiyo mbovu. Mwaka 2008, maabara ya mtafiti Stuart Orkin mjini Boston ilionyesha kwamba BCL11A ni mzimaji mkuu wa gama.

Protini hii ina vidole vya zinki, yaani vipande vidogo vilivyojikunja kuzunguka atomu ya zinki, ambavyo hushika DNA penye herufi sita: TGACCA. Katika jeni za gama, herufi hizo zipo takriban herufi 115 kabla ya mahali jeni inapoanza kunakiliwa ili protini itengenezwe. Wapo watu waliorithi badiliko la herufi moja tu hapo, ile G ikawa A, na BCL11A ikakosa pa kushika. Himoglobini ya kijusi huendelea kutengenezwa hadi utu uzima, nao ni wazima wa afya. Nimelifundisha jambo hili kwa miaka mingi na bado hunistaajabisha, kwa kuwa herufi za jenomu yetu ni takriban bilioni tatu.

Hata hivyo, BCL11A inahitajika pia katika ukuaji wa ubongo na katika kuzaliwa kwa limfosaiti B, aina ya chembe nyeupe za kinga. Watoto wanaozaliwa na nakala moja mbovu ya jeni yake hubaki na himoglobini nyingi ya kijusi, lakini ukuaji wao wa akili huathirika. Kuiondoa mwili mzima, basi, hakuwezekani.

Njia ilipatikana mwaka 2013, ndani ya jeni yenyewe: kipande cha DNA kinachoipa nguvu katika seli zinazozaa chembe nyekundu, si katika limfosaiti B. Mkasi wa CRISPR, yaani zana ya kuhariri DNA, hukata hapo, mahali ambapo protini nyingine, GATA1, hutua, na hufanya hivyo katika seli shina za damu (zile zinazozaa chembe zote za damu) zilizotolewa kwa mgonjwa kisha akarudishiwa; hivyo BCL11A hupungua katika seli zinazozaa chembe nyekundu na gama huwashwa tena. Tiba hiyo, Casgevy, iliidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata.

Kwa maoni yangu, ugumu uliobaki hauko tena kwenye jeni. Kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa hupewa dawa kali ya kusafisha uboho, ambayo inaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa.