Je, wajua kwa nini tovuti inaweza kukufungia hata kama hujakosea nywila?

Mwanafunzi anaingia kwenye kibanda cha intaneti pale Mwanga, mjini Kigoma, anafungua tovuti ya maombi ya chuo na kuandika jina na nywila yake kwa uangalifu, herufi baada ya herufi. Tovuti inamjibu: “Umejaribu mara nyingi mno. Rudi baada ya dakika 15.” Hajajaribu hata mara moja. Mwenye kibanda anazima ruta, anaiwasha, mambo yanakubali, na wote wanaafikiana kwamba ni mtandao tu.

Mtandao hauna kosa hapo. Tovuti imembebesha mwanafunzi makosa ya mtu asiyemjua, ambaye huenda yuko Kasulu, huenda yuko Dar es Salaam. Kuhesabu makosa ya kuingia ni kazi nyepesi ambayo fundi yeyote wa tovuti anaimudu kwa mchana mmoja. Kazi ngumu ni kuamua kila kosa liandikwe kwenye hesabu ya nani.

Kwanza, kwa nini yahesabiwe

PIN ya tarakimu 4 ina michanganyiko 10,000. Roboti, yaani programu inayojaribu yenyewe bila mtu, ikituma majaribio 10 kwa sekunde, kasi ambayo hata kompyuta ya kawaida inaiweza, inaimaliza yote kwa sekunde 1,000, yaani chini ya dakika 17. Tarakimu 6 zina michanganyiko 1,000,000, nayo inaisha kwa saa 28 hivi. Ukiweka sheria ya majaribio 5 kila dakika 15, roboti inabakiwa na majaribio 480 kwa siku nzima. Tarakimu 6 sasa zinaidai zaidi ya miaka mitano. Tarakimu 4 bado zinaisha ndani ya siku 21, kwa hiyo kwa PIN fupi kusubirisha peke yake hakutoshi. Ndiyo maana laini ya simu haina msamaha wa dakika 15: ukikosea PIN mara 3 inajifunga hadi uweke PUK, namba ya kuifungulia, na ukikosea PUK mara 10 laini imekufa, nenda kairudishe.

Nywila ya herufi ingekuwa salama zaidi kama watu wangechagua herufi bila mpangilio wowote, lakini hawafanyi hivyo. Mwaka 2009 nywila zaidi ya milioni 32 za wateja wa kampuni ya Marekani iitwayo RockYou zilivuja, na iliyoongoza kwa kutumiwa ilikuwa 123456. Orodha za aina hiyo ndizo wadukuzi wanazolisha roboti zao. Mwezi Januari mwaka huohuo, kijana wa miaka 18 aliingia kwenye akaunti ya mfanyakazi wa Twitter kwa kuiachia programu yake ijaribu maneno ya kamusi moja baada ya jingine. Twitter wakati ule haikuwa na kikomo cha majaribio, na nywila ilikuwa neno la kawaida tu. Kupitia akaunti hiyo ya mfanyakazi, akaunti za watu mashuhuri, ya Barack Obama ikiwemo, zilitekwa.

Usidhani tovuti ndogo ya kuuza mawese na dagaa wa Ziwa Tanganyika iko salama kwa kuwa haijulikani. Roboti hazichagui mtu, zinapita anwani zote. Na WordPress, programu ya kujengea tovuti ambayo mafundi wetu wengi huitumia, ukiisakinisha bila nyongeza yoyote haina kikomo cha majaribio ya kuingia.

Daftari la makosa

Hesabu hukaa upande wa seva, kompyuta inayoendesha tovuti, kwenye hifadhidata. Linasemwa hili kwa sababu wapo wanaoiweka kwenye kuki, kifaili kidogo kinachotunzwa na kivinjari, au kwenye kikao cha mtumiaji. Roboti haina haja ya kutunza kuki, inakuja kila mara kama mgeni mpya, na kaunta inasoma sifuri milele.

Jedwali lenyewe ni dogo: wakati wa jaribio, akaunti iliyolengwa, anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa au mtandao wake), aina ya kivinjari, na matokeo. Nywila iliyokosewa haiandikwi kamwe, kwa kuwa mara nyingi ni nywila sahihi iliyopungukiwa herufi moja, au ni nywila sahihi ya akaunti nyingine ya mtu huyohuyo. Kuna mtego mwingine ambao wengi hawauoni: watu huandika nywila kwenye kisanduku cha jina kwa haraka. Ukihifadhi kila kilichoandikwa kwenye kisanduku hicho, baada ya muda daftari lako litakuwa na nywila za wateja zikisomeka wazi. Dawa yake ni kuhifadhi jina pale tu linapolingana na akaunti iliyopo. Lisilolingana, andika “haipo” na upite.

Kabla ya kuhesabu, yanyooshe majina. “Asha”, “ASHA” na “asha” lenye nafasi mwishoni ni mtu mmoja. Kama watu wanaingia kwa namba ya simu, iliyoanza na 0, na 255, na +255 zote zigeuzwe ziwe sura moja kabla hazijafika kwenye kaunta. Usipofanya hivyo umempa mdukuzi majaribio mara tatu ya uliyokusudia.

Anayehesabiwa ni nani?

Hapa ndipo yule mwanafunzi wa Mwanga alipokwama. Njia inayomjia kila mtu kwanza ni kuhesabu kwa anwani ya IP: anwani hii imekosea mara 5, ifungiwe. Shida ni kwamba anwani za IPv4, mfumo wa zamani ambao bado unatumika, ni chache, na kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya nje. Ndani ya mtandao wao kila simu ina anwani yake ya kienyeji, baadhi zikiwa kwenye fungu linaloanzia 100.64, lililotengwa rasmi kwa kazi hiyo mwaka 2012. Zikitoka nje, tovuti inaona anwani moja tu. Kwa mji kama Kigoma, ambako watu wengi wanaingia mtandaoni kwa bando la simu, na ambako hata kibanda cha intaneti huweza kuwa na ruta yenye laini ndani yake, kufungia anwani moja ni kufungia umati. Ruta ilipozimwa na kuwashwa ilipewa anwani nyingine, basi.

Njia ya pili ni kuhesabu kwa akaunti: akaunti hii imekosewa mara 5, ifungwe hata kama makosa yametoka anwani mbalimbali. Hii inazuia roboti zinazotumia maelfu ya anwani, lakini inampa kila mwenye chuki silaha ya bure. Anayejua jina la kuingilia la mwalimu mkuu anaweza kuikosea nywila makusudi mara 5 kila baada ya dakika 15, siku ya mwisho ya kuingiza alama, na mwalimu asiingie hata mara moja. Tena njia hii haimwoni kabisa mdukuzi anayechukua nywila moja, tuseme Kigoma2024, akaijaribu kwa akaunti 500. Kila akaunti imekosewa mara moja tu, hakuna kengele inayolia.

Kwa hiyo tovuti iliyojengwa vizuri ina kaunta tatu zinazokwenda pamoja. Ya akaunti iwe kali: makosa 5 ndani ya dakika 15. Ya anwani iwe na uvumilivu, na isihesabu makosa peke yake, ihesabu majina tofauti yaliyokosewa. Darasa la kompyuta lenye wanafunzi 40 litatoa majina 40 kutoka anwani moja, lakini wengi wao watafanikiwa kuingia. Roboti nayo itatoa majina 40 na karibu yote yatashindwa. Uwiano huo ndio unaotenganisha darasa na roboti. Kaunta ya tatu ni ya tovuti nzima: kama kwa kawaida yanatokea makosa machache kwa saa, na usiku mmoja yanafika 3,000, weka jaribio la kuthibitisha ubinadamu kwa kila anayeingia, hata kama hakuna akaunti wala anwani iliyovuka kikomo chake.

Mtu akifanikiwa kuingia, futa kaunta ya akaunti yake tu. Ya anwani iache ilivyo. Wapo wanaozifuta zote mbili, na mdukuzi anayelijua hilo hufungua akaunti yake halali, anajaribu nywila nne za mwenzake, anaingia kwenye yake mara moja, kaunta ya anwani inarudi sifuri, anaendelea.

Kusubirisha ni bora kuliko kufunga

Kufunga akaunti mpaka msimamizi aifungue kunawaumiza wenye akaunti kuliko wadukuzi. Afadhali muda wa kusubiri ukue: kosa la tatu sekunde 2, la nne sekunde 4, la tano sekunde 8, ukiongezeka maradufu hadi kikomo cha dakika 15. Binadamu aliyesahau anavumilia sekunde 8. Roboti iliyopangiwa majaribio milioni haina pa kwenda. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliotoka mwaka 2017 uliruhusu hadi makosa 100 mfululizo kwa akaunti moja, idadi inayowashtua wengi, lakini ukichanganya na kusubirisha namna hii makosa 100 yanachukua karibu siku nzima.

Kumlinda mwalimu mkuu dhidi ya wenye chuki, tumia kuki iliyotiwa saini na seva. Kivinjari kilichowahi kuingia kwa mafanikio kinapewa kuki hiyo, na majaribio yanayokuja nayo yanahesabiwa kwenye kaunta yake ya pembeni. Wageni wakiifunga akaunti kutoka nje, mwalimu anaingia kwa kompyuta yake ya ofisini kama kawaida.

Jambo jingine ni kutohesabu mara mbili nywila ileile iliyokosewa. Simu yenye nywila ya zamani inaweza kuirudia usiku kucha bila mwenyewe kujua. Microsoft hufanya hivi kwenye huduma yake ya kuingilia: hukumbuka hashi (alama zinazokokotolewa kutokana na nywila bila kuionyesha) za nywila tatu za mwisho zilizokosewa, na ikirudiwa mojawapo kaunta haisogei. Kikomo chao cha kuanzia ni makosa 10, kisha kufungiwa sekunde 60.

Yanayoharibu kazi

Mpangilio wa hatua ni wa kwanza. Kaunta isomwe kabla ya nywila kuhakikiwa, kwa sababu uhakiki kwa njia za kuficha nywila kama bcrypt umefanywa uwe mzito makusudi, na roboti ikituma maombi mengi ya kuhakiki seva itachoka kabla hata nywila haijapatikana.

Maombi yanayofika kwa wakati mmoja ni tatizo la kimyakimya. Yakija 50 kwa mpigo, yote 50 yanasoma kaunta ikiwa 4, yote yanapita, ndipo kaunta inaongezwa. Kuongeza na kusoma kuwe tendo moja lisilogawanyika ndani ya hifadhidata, kwanza ongeza, kisha amua.

Tovuti iliyo nyuma ya Cloudflare au proksi nyingine, yaani seva ya kati inayopokea maombi kwa niaba yake, huona anwani ya proksi badala ya ya mteja. Ukiifungia hiyo umewafungia watu wote duniani. Anwani halisi huja kwenye kichwa cha ombi kiitwacho X-Forwarded-For, lakini mtu yeyote anaweza kukiandika atakavyo. Kiamini pale tu ombi limetoka kwenye proksi yako. Na kwa IPv6, mfumo mpya wa anwani, hesabu fungu zima la /64 (anwani zote zenye nusu ya kwanza inayofanana) kama mteja mmoja, maana mteja mmoja anaweza kubadili anwani ndani ya fungu hilo kwa kila ombi.

Kisha kuna milango ya nyuma. Ukurasa wa kuingia unalindwa huku xmlrpc.php (mlango wa WordPress kwa programu za nje), ukurasa wa kubadili nywila, sehemu ya kuweka msimbo wa SMS na njia inayotumiwa na programu ya simu zote ziko wazi. Msimbo wa SMS mara nyingi una tarakimu 6 tu, hesabu zake tumeshaziona.

Mwenye seva yake mwenyewe anaweza kuongeza fail2ban, programu inayosoma kumbukumbu za seva na kuagiza faiwoli, kizuizi cha mtandao cha seva, ifungie anwani. Isipobadilishwa hufungia dakika 10 baada ya makosa 5 ndani ya dakika 10. Mabadiliko yaandike kwenye jail.local, kwani jail.conf hufutwa na kuandikwa upya programu inapoboreshwa. Kwa WordPress kumbuka kwamba nywila ikikosewa seva hujibu kwa namba ya hali 200, ikikubalika hujibu 302. Basi kichujio cha fail2ban kitafute maombi ya POST (yanayotuma fomu) kwa wp-login.php, ukurasa wa kuingia, yaliyojibiwa 200. Ofisi inayotumia bando isiiweke anwani yake kwenye orodha ya wasioguswa: kesho anwani hiyo itakuwa ya mtu mwingine.

Ujumbe wa kosa uwe uleule kwa jina lisilokuwepo na kwa nywila isiyo sahihi: “Jina au nywila si sahihi.” Kwa aliyezuiwa, mwambie dakika zilizobaki, na umpe njia ya kujithibitisha kwa barua pepe au SMS, hasa ikiwa aliyezuiwa ni anwani. Weka pia kitufe cha kuonyesha nywila. Kibodi za simu hupenda kuanza na herufi kubwa na kuacha nafasi mwishoni, na makosa mengi ya watu wa kweli yanatoka hapo.

Unaposoma daftari, angalia saa. Seva nyingi hutunza muda wa UTC, saa ya kimataifa, ulio saa 3 nyuma ya wetu, hivyo mstari ulioandikwa 23:10 ulitokea saa 8 na dakika 10 usiku kwa saa ya Kigoma. Na anwani pamoja na majina yaliyomo ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo panga kazi ya kila usiku ifute mistari ya zamani. Siku 90 zinatosha kwa tovuti nyingi. Kama kuna shambulio linalochunguzwa, nakili sehemu hiyo pembeni kabla ya zamu ya kufuta kufika.