"Pumzisha bega" si tiba kwa anayetumia kiti cha magurudumu

Nimeletewa tena mchezaji wa mpira wa kikapu aliyeambiwa aache mchezo ili bega lipumzike. Ushauri huu unanikera. Mtu anayetembea kwa mikono yake atalipumzisha bega saa ngapi? Hata asipokanyaga uwanja, bado atajihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kutoka kwenye kiti hadi chooni, hadi kwenye gari, na kurudi. Na bega huumia hasa hapo. Unapojiinua, sehemu kubwa ya uzito wa mwili hushukia mkononi, kichwa cha mfupa wa mkono husukumwa juu, na kano ya supraspinatasi, msuli mdogo wa juu ya bega unaosaidia kuinua mkono, hubanwa. Kwa hiyo kabla sijagusa ratiba ya mazoezi, namwomba mtu ajihamishe mbele yangu. Anainua kitako kwa mkono uleule kila mara? Anapanda kwenda juu wakati angeweza kusawazisha vimo vya anakotoka na anakoenda, au kutumia ubao wa kutelezea?

Kisha nakagua kiti. Mkono ukiwa kileleni mwa ringi, ile duara ya kusukumia iliyo kando ya gurudumu, pembe ya kiwiko kati ya mkono wa juu na kigasha iwe kama digrii 100 hadi 120. Ekseli ya magurudumu makubwa ikiwa nyuma mno, mikono inalazimika kuifuata ringi nyuma. Isogezwe mbele, lakini si mpaka kiti kipinduke. Msukumo uwe mrefu na laini, halafu mkono uanguke chini ya ringi kabla ya kurudi.

Mazoezi ya nguvu nayo! Kifua na mbele ya bega vimesukuma tangu asubuhi, kisha jioni mtu analala chali kunyanyua vyuma asukume tena. Vuta. Fanyia kazi misuli inayokaza mabapa ya mabega na inayozungusha mkono kwenda nje.

Je, mchezo hulinda bega? Baadhi ya tafiti zimekuta wanamichezo wanalalamika maumivu kidogo kuliko wasiocheza, nyingine hazikuona tofauti. Mimi naamini hulinda, ila kuna shaka isiyoniacha: wenye mabega mabovu huacha mapema, na tunaowahesabu ni waliobaki. Picha za ndani ya bega nazo hazinipi uhakika, maana kano zilizochanika huonekana hata kwa wasiosikia maumivu yoyote.

Bega likiwaka, punguza kwanza kurusha juu ya kichwa na mbio za kuanza ghafla, endelea na mengine. Ila ukianguka kisha mkono ukagoma kuinuka, au ganzi ikateremka hadi vidoleni, mwone daktari upesi.