Kumsomesha mtoto nyumbani: faida kubwa ni kwamba anangojwa

Wazazi wengi wanaonipigia simu kuhusu kusomesha watoto nyumbani wanaanza na mambo mawili, tabia za shuleni siku hizi na karo. Sawa, hayo yapo na siwabishii. Lakini mimi nimefundisha madarasa ya chini kwenye shule ya serikali hapa Mombasa kwa miaka mingi, na sasa kazi yangu ni kusaidia familia zinazofundisha wenyewe, na nikiulizwa faida hasa ni ipi sianzi na tabia wala pesa. Nyumbani mtoto anangojwa. Leo hajaelewa, kesho mnarudi palepale, kesho kutwa tena kwa njia nyingine, mpaka ashike. Darasani haiwezekani, hata mwalimu awe anawapenda wale watoto vipi.

Piga hesabu mwenyewe. Greidi ya 1 mpaka ya 3 kipindi kimoja ni dakika 30. Mimi nilikuwa na watoto 60, mwaka mwingine zaidi. Ukiwagawia muda wako sawasawa kila mtoto anapata nusu dakika, na hapo hujaandika kitu ubaoni, hujatuliza kelele za nyuma, hujamsikiliza anayelia ameibiwa kalamu. Kwa hiyo unafanya kile walimu wote tunafanya, unafundisha wale wa katikati, wepesi wanakaa wanachoka na wazito wanabaki nyuma, alafu wiki ikiisha mada inabadilika kwa sababu silabasi ina ratiba yake na mkuu wa shule anataka kuona umefika wapi.

Ngoja niwaonyeshe inavyoonekana kwa mtoto mmoja. Kuna kijana wa Greidi ya 4 aliyeletwa kwangu na mamake, ripoti zake zote zimeandikwa hesabu ni "chini ya matarajio". Nikampa 403 toa 168. Akaandika 365, haraka tu, bila wasiwasi wowote. Sasa angalia vizuri, huyu hakubahatisha. Kwenye mamoja aliona 3 toa 8 haiwezekani, akageuza akafanya 8 toa 3 akapata 5. Kwenye makumi 0 toa 6 pia akageuza, 6. Kwenye mamia 4 toa 1 ni 3. Alikuwa na kanuni yake kamili, "toa ndogo kwenye kubwa", na kwa hesabu zisizo na kukopa hiyo kanuni ilikuwa inampa jibu sahihi kila siku! Darasani alikuwa anawekewa mikasi nyekundu ya kukosa, anaendelea na kuzidisha. Hakuna aliyemuuliza "hebu nieleze umefanyaje". Mimi nilikuwa mwalimu wa watoto 60 kwa hiyo najua kwa nini hakuulizwa.

Tukatoa pesa. Noti 4 za mia na sarafu 3 za shilingi moja, nikamwambia nilipe 168. Akakwama, hana sarafu za kumi na shilingi hazitoshi. Akafikiria, akasema "ticha, hii mia nichenjie". Nikampa kumi kumi. Bado shilingi hazitoshi, akachenji kumi moja kwa shilingi. Mezani kukawa na noti 3, kumi 9, na shilingi 13, akalipa, zikabaki 235. Tulifanya hivo siku nyingi kabla sijamrudisha kwenye karatasi, na mamake alikuwa amekaa pembeni anaangalia, sababu yeye ndiye angeendelea nyumbani. Kitu hicho hakihitaji degree, kinahitaji mtu mmoja aliyekaa na mtoto mmoja na hana haraka.

Wataalamu waliliona hili zamani. Mwaka 1984 Benjamin Bloom, msomi wa elimu wa Marekani, aliandika kuhusu majaribio ambapo wanafunzi walifundishwa mmoja mmoja na hawakusonga mbele mpaka wameelewa, na mwanafunzi wa kawaida wa aina hiyo alifanya vizuri kuliko karibu asilimia 98 ya wale wa darasa la kawaida. Tafiti zilizokuja baadaye zilipata tofauti ndogo kuliko hiyo, kwa hiyo usiende kumtangazia jirani kwamba mtoto wako atawashinda wote, lakini faida ya kufundishwa peke yako imerudi kuonekana mara kwa mara.

Na sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuletewa hili kutoka nje. Chuoni, yaani madrasa, kila mtoto ana somo lake. Mmoja yuko kwenye alifu, mwenzake aliyekaa jamvi moja naye yuko juzuu ya thelathini, kila mmoja anakwenda mbele ya maalimu anasoma, akikosea anarudishwa, akishika anasongezwa. Hakuna anayevushwa sura kwa sababu mwezi umeisha. Wazazi wanaoniambia kufundisha mmoja mmoja ni mambo ya wazungu nawakumbusha walivyosoma wenyewe.

Faida ya pili ambayo naipenda sana ni lugha. Ripoti ya Gachathi ya 1976, ile ya serikali kuhusu elimu, ilishasema watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya pale wanapoishi, lakini shule nyingi za praiveti mtoto anaanza kusomeshwa kwa Kiingereza akiwa na miaka minne, na akiongea Kiswahili anaandikwa jina. Sasa fikiria, Kiswahili ni lugha ambayo inasomeka kama ilivyoandikwa. Vokali tano, hazibadiliki. Ukianza a e i o u, ukaja ba be bi bo bu, ma me mi mo mu, mtoto anasoma "baba", "mama", "bibi", "boma" kabla hajachoka, na akishajua ya kwamba herufi ni sauti kazi kubwa ya kusoma imeisha, zilizobaki ni ng', ny, mb, dh na mazoezi. Ujuzi huo anahama nao kwenda Kiingereza, ambako atakutana na vitimbi vya tahajia akiwa tayari ni msomaji. Ukimwanzia kwa Kiingereza anapambana na vitu viwili kwa wakati mmoja, kujua kusoma ni nini na lugha ambayo haongei na mtu nyumbani. Nimeona watoto wa Greidi ya 3 wanakariri ukurasa mzima wa Kiingereza kwa kuangalia picha, ukifunika picha hakuna kitu. Vitabu vya Tusome, ule mradi wa kufundisha watoto kusoma ulioanza kitaifa 2015, viko vya Kiswahili na ni vizuri, tumieni.

Alafu muda. Mtoto wa miaka saba akifundishwa peke yake masaa mawili, matatu kwa siku yanatosha kabisa, siku inayobaki anacheza, analala mchana, anakwenda na babake dukani anajifunza kupima na kurudisha chenji. Haamshwi saa kumi na nusu usiku kungoja basi la shule.

Kuhusu "atakosa marafiki", nitasema kifupi. Mtoto ana chuo au sunday school, ana mtaa, ana binamu, ana timu ya mpira. Cha muhimu usimfungie ndani na simu, hiyo ndiyo itamharibu.

Sasa sheria na mitihani, hapa naomba msome taratibu kwa sababu watu wanadanganyana sana kwenye magrupu ya WhatsApp. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 30, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri, na kutofanya hivo ni kosa. Ibara ya 53 ya Katiba nayo inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kwa hiyo mtu akikwambia hapa Kenya unaamka tu asubuhi unamtoa mtoto na hakuna wa kukuuliza, si kweli, kuna wazazi wameshafikishwa mahakamani. Familia ninazosaidia nawaambia waweke faili la kila mtoto, kazi zake zenye tarehe, mpango wa muhula, matokeo ya mitihani, na wengi wamejiandikisha chini ya kituo au shule inayokubali mpango huo. Ongea na wakili kabla hujaanza. Mimi naamini kabisa sheria hii inafaa kuandikwa upya ili mzazi anayefundisha kweli asajiliwe na akaguliwe, badala ya kuishi kwa wasiwasi.

Mitihani nayo ina mtego wake. Mfumo wa sasa wa elimu, CBE, haungoji mtihani wa mwisho kama enzi za KCPE, ule wa darasa la nane. Matokeo ya kumaliza Greidi ya 9, KJSEA, ambao ulifanywa mara ya kwanza 2025, asilimia 60 tu ni ule mtihani wenyewe. 20 zinatoka KPSEA, mtihani wa Greidi ya 6, na 20 nyingine ni alama za shuleni za Greidi ya 7 na ya 8. Mtoto ambaye hana shule iliyomsajili hizo alama atazitoa wapi? Ndio maana wengi wanaishia kwa IGCSE ya Cambridge, mitihani ya sekondari kutoka Uingereza, ambako anaweza kufanya kama mtahiniwa wa binafsi, na hata sayansi kuna karatasi ya kuandika badala ya kuingia maabara, ila unalipia kila somo na si pesa ndogo. Wengine wanatumia ACE, ile ya vijitabu kutoka Marekani, mtoto anakwenda kwa kasi yake na hahami kijitabu mpaka apate asilimia 80. Kwa kungoja mtoto iko sawa kabisa. Lakini ni kujaza mapengo mengi na mazungumzo machache, na imejaa mafundisho ya Kikristo mpaka kwenye hesabu, kwa hiyo familia za Kiislamu ziangalie kabla ya kununua.

Sitamwambia kila mtu afanye hivi. Kama wote wawili mnatoka asubuhi mnarudi usiku na mtoto atabaki na dada wa kazi na televisheni, mpeleke shule. Kama nyumbani kuna ugomvi kila siku, mpeleke shule, pale atapata mtu mzima mwingine wa kumuona. Na kama huna subira na mtoto wako mwenyewe (wapo, na si dhambi) mtafutie mwalimu mzuri umlipe.

Kama umeamua, usikimbilie kununua vitabu. Wiki za mwanzo kaa naye tu. Mpe ukurasa ambao hajawahi kuuona asome kwa sauti, mpe hesabu za madarasa mawili nyuma, kila akijibu muulize amefanyaje, akiwa sahihi na akiwa amekosea, uandike anachosema. Utakuta sehemu aliyoachwa, mara nyingi ni nyuma sana kuliko ripoti inavyosema, na mtaanzia hapo.